Fundo la Shemeji

Juu ya paa la jengo la ofisi, mtu mmoja kapiga magoti kwenye chuma cha kufungia kamba, kainama hadi mikono haionekani, midomo inacheza kama ya mtu anayesali. Mwenzake kampa mgongo, anatazama njiwa.

Ndivyo walivyoanza kazi kila asubuhi. Walikuwa waosha madirisha ya maghorofa. Mmoja hufunga kamba kwenye chuma, mwingine hukalia kibao na kuteremka nayo, ndoo ubavuni. Wa kuteremka, wenzao kazini walimbatiza Imani. Wa kufunga walimwita Ushahidi, naye alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe.

Ushahidi hakuamini kitu asichokishika. "Fundo naliona, nalivuta, halifunguki. Nimeamini," alisema. "Na wewe nionyeshe Mungu wako nimvute."

"Mungu hathibitishwi, shemeji. Anaaminiwa. Kama ninavyokuamini wewe. Umewahi kuniona nikikagua fundo lako?"

"Sijawahi."

"Na hutaniona. Nikilikagua, imani iko wapi?"

"Hiyo si imani. Unajua nikikudondosha dada yangu ataninyonga. Unao ushahidi wa kutosha."

Imani akakalia kibao. Akateremka akiimba.

Ungekuwa utani wa mashemeji tu kama si mama. Mama mkwe wa Imani, aliyemzaa huyo Ushahidi, alikuwa kitandani, moyo umechoka, na daktari keshaacha kutaja dawa mpya. Kufa hakukumtisha. Kilichomkosesha usingizi ni kumwacha mwanawe wa pekee wa kiume hana Mungu. Siku moja alimshika mkwewe mkono.

"Baba, huyo unashinda naye juu huko. Nirudishie kabla sijaondoka."

Imani akaahidi. Ahadi ni deni, na hii ilimwondolea hata hamu ya kula. Alisema jua na mwezi havikujipanga vyenyewe. Ushahidi akauliza nani alimpanga huyo Mpangaji. Alisema moyo unajua. Ushahidi akasema wa mama haujui hata kupiga sawasawa, na neno hilo likamuuma mwenyewe. Mke wa Imani naye akamkanya kaka yake: huamini, sawa, lakini mume wangu akisali juu huko mgeuzie mgongo, usimkodolee macho kama unatazama sinema. Ushahidi hakuwa mtu mbaya. Alikubali, ndipo akaanza kutazama njiwa.

Jumapili mchana alifika kwa mama yake amevaa shati la kupiga pasi. Imani na mkewe walikuwepo, wanamlisha mgonjwa uji. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, nimeamini," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya bomba lililopasuka.

Mama akafumba macho, machozi yakamteremka hadi masikioni. Bintiye akaweka bakuli chini. Imani ndiye aliyepata la kusema, akauliza ni kipi kilichomgusa.

"Hakuna kilichonigusa. Nina ushahidi."

Akaueleza. Siku ile mama alipozidiwa, simu ilimkuta juu ya paa kaizungusha tu kamba kwenye chuma, hajaifunga. Akaenda kuipokea nyuma ya tenki la maji, ndiko kwenye mtandao. Kurudi, Imani hayupo. Keshateremka, anaimba, uzito wote uko kwenye kamba ambayo haikufungwa.

"Nikatambaa hadi kwenye chuma. Fundo lipo, tena limekaza kuliko ninavyokaza mimi. Nikasema labda kaingia mtu. Mlango wa paa nimeufunga, ufunguo ninao mfukoni. Nikasema labda nilifunga nikasahau. Mkono mmoja ulikuwa na simu, na fundo la mkono mmoja halipo. Juu pale tulikuwa wawili. Mmoja yuko nyuma ya tenki. Mwingine anasali, na huyo fundo langu halitazami hata kwa kuibia, anaona kama kufuru. Sasa aliyelifunga ni nani?"

Mke wa Imani alikuwa analia waziwazi.

"Na mimi sikubali jambo kwa kuliona mara moja," Ushahidi akaendelea. "Nimelijaribu tena. Siku hizi silikazi. Nalilegeza, natazama njiwa, nikigeuka limekaza. Kila siku. Huo si uthibitisho?"

Kijiko kilimponyoka Imani mkononi. Akainama kukiokota, akakaa kidogo huko chini.

Mama alikuwa anatabasamu, uso umemlainika kama wa mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani. Akanyoosha mkono kumtafuta mkwewe.

"Umeona, baba? Sala zako zinafika."

Imani akautazama uso ule, kisha akatazama vidole vyake mwenyewe, vyenye sugu.

"Zinafika, mama," alisema.

Kesho yake asubuhi, shemeji alipogeuka kutazama njiwa, Imani alipiga magoti kwenye chuma, akaifunga kamba upya kama alivyoifunga kila asubuhi tangu siku ya kwanza ya kazi. Kisha, kwa mara ya kwanza juu ya paa lile, akasali.