Mkono wa Pili

Mumewe aliiunda meza ile mwenyewe, akaipulizia mkono wa kwanza wa vanishi, yaani tabaka la kwanza, kisha, kama kawaida yake, akaigusa kabla haijakauka. Mwanakheri akamfokea: "Wewe huwezi kungoja?" Sasa mwenyewe yuko kaburini, na alama ya kidole gumba chake imebaki katikati ya meza.

"Shemeji, ifute kwa msasa ndipo upulizie mkono wa pili," alisema Bakame, mdogo wa marehemu.

Mwanakheri aliifunika ile alama kwa kifuniko cha kopo, akapulizia meza nzima taratibu, akakinyanyua.

"Haya, ngoja ikauke," alisema Bakame.

Mwanakheri akabonyeza kidole gumba chake kwenye vanishi mbichi, kando tu ya alama ya mumewe, akakiacha hapohapo.