Amri Isiyopokelewa

Tatiana alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kung'aa. Aliogopa kuacha, maana akiacha tu, itambidi aongee.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka mlemle jikoni, akichekecha unga wa bukari, ugali wa wageni. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kutoka Tenke kwa ajili ya posa ya Numbi, mchumba wa Tatiana. Mtaa wao wote hapo Kolwezi ulimjua mama huyu wa jikoni kwa jina moja tu, Mama Tatiana. Na mamake Numbi alikwisha kutamba sokoni kwamba mwanawe amepata mke wa kumjazia nyumba wajukuu.

Wajukuu! Kila alipolikumbuka neno hilo, Tatiana alisugua kwa nguvu zaidi.

Daktari wa Lubumbashi hakumficha kitu. Homoni, alisema, ni mjumbe anayetembea na damu. Amri yake ni bure mpaka ndani ya seli iwepo protini ya kumpokea, iitwayo kipokezi, imshike na kuifikisha amri. Tumboni mwa Tatiana zilijificha tezi mbili za kiume tangu hajazaliwa, na homoni zake zilikuwa tele. Kilichoharibika ni kipokezi. Mwili haukusikia amri hata moja, ukajijenga wa kike.

"Wewe ni mwanamke, asikudanganye mtu," alimwambia. "Lakini huna mji wa mimba, ndiyo maana hedhi haikuja. Mwenye mwili huu hazai kamwe."

Tezi zile zingefaa kutolewa, aliongeza. Na kasoro yenyewe hupita katika ukoo wa mama.

Sasa yote hayo atayasemaje mbele ya mama? Mama ambaye hakuwahi hata kumuuliza habari za hedhi, wakati wenzake wote walipoanza. Tatiana alidhani ni aibu tu.

"Mama," alisema. "Mi sitazala. Hata siku moja."

Chekeche lilisimama. Basi akayamwaga yote, tezi, kipokezi, daktari, bila kuinua macho. Alingoja kelele. Mama aliuliza tu:

"Ulisha kumwambia Numbi?"

"Hapana. Niko naogopa, mama. Akijua, atanikimbia. Mwanamuke hazalake, nani atamuoa? Na mi, nani ataniita mama?"

Hapo alilia kweli, kilio cha mtoto mdogo, makamasi na yote.

Mama yake aliinuka, akapangusa unga mikononi. Alikwenda mlangoni, akaufunga, akasukuma komeo. Kisha akamgeukia. Tatiana alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Hakuwahi kupigwa na mama huyu, lakini leo aliamini atapigwa, au atafukuzwa kabla wageni hawajafika.

"Usiogope, mwana yangu."

Mama alilegeza kitenge chake, akakishusha kidogo kiunoni. Chini ya tumbo, kulia na kushoto, palikuwa na makovu mawili mafupi, ya zamani, yaliyokwisha kufifia.

"Na mi, tezi yangu balitoaka hapa," alisema. "Weye, ni dada yangu alikuzala, na ni mi unaitaka mama. Tata yako alishaka kujua byote, na alinioa tu."