Ushuru wa Kwenda na Kurudi

"Mchuzi hauna chumvi," alisema Makame.

Raya akautupa upawa. Daraja la kwenda bara halitaki pesa. Kila avukaye huwaachia walinzi wake ladha moja au harufu moja, na haimrudii tena. Mumewe huvuka kila siku kwenda kazini.

"Umewapa chumvi? Si nilikwambia uwape shubiri, we mwanamume?"

"Shubiri niliwapa mwaka jana."

"Na moshi wa taka?"

"Umekwisha zamani."

"Mtihani huu! Haya, chumvi ni ya kwendea. Ya kurudia umewapa nini?"

Makame alimpakata mtoto wao, akamnusa utosini kama kawaida yake. Akamnusa tena. Kisha akamrudisha kwa mama yake taratibu, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani.