Chuo cha Mbali

Mhandisi alikikataa chuo chenye sifa kuliko vyote kabla chai yake haijapoa. Aliandika sentensi mbili za shukrani, akatuma, akafunika kompyuta. Mdogo wake, aliyekuwa akikata vitunguu, aliweka kisu chini.

Vyuo viwili vilikuwa vimemkubali kusomea uzamivu katika usimamizi wa rasilimali za maji na bahari. Cha hapo mjini kilimtaka achunguze mabomba, kazi aliyoifanya miaka yote katika idara ya maji. Angehitimu amefumba macho. Cha pili, hicho alichokikataa, kilisifika kwa visima. Cha tatu kilikuwa ng'ambo, kidogo, kwenye baridi kali, na kilifundisha mikondo ya bahari. Huko ingebidi aanze hesabu upya kama mwanafunzi mchanga, na profesa wa huko alikuwa bado hajasema ndiyo.

Mdogo wake alishusha sauti, maana shemeji yake alikuwa chumba cha pili.

"Nenda tu, dada. Baada ya alichokufanyia, hakuna atakayekulaumu."

Mhandisi alimwomba asiseme hivyo.

"Nisiseme nini? Mtu amegeuka gogo. Hali, halali kitandani, hakutazami usoni. Unaishi na nani humu?"

Zamani shemeji huyo alikuwa mtu wa mizaha. Wageni walikuwa wakiondoka wameshika mbavu. Tangu mwaka jana alilala kwenye kochi, na ukimsalimu aliitikia kwa neno moja. Jana jioni tu ndipo alipozungumza. Alimwambia mkewe achague chuo cha mbali kuliko vyote. Alisema hatamzuia, na akitaka talaka atampa, kwa kuwa ni haki yake. Mhandisi alimpakulia chakula, akakaa kando yake mpaka kikapoa.

Adhuhuri profesa alipiga simu ya video. Alikuwa mama mtu mzima, mkavu wa maneno. Aliuliza habari za kazi, akauliza za hesabu, akaguna. Kisha akavua miwani.

"Wewe umebobea kwenye mabomba. Wenzangu wanaona utapoteza miaka yako bure. Kwa nini mikondo, na kwa nini uje kwangu?"

Mhandisi alieleza kwamba amesoma kazi zote za profesa. Alijua kwamba timu yake iliwahi kuacha maboya ya kupimia mikondo karibu na ufuo wa mji huu, na kwamba mwaka jana, shule zilipofungwa kwa likizo, maboya hayo yalikuwa bado yanafanya kazi.

Profesa alikiri kwamba ni kweli. Vipimo hivyo vipo, alisema, ila hakuna aliyewahi kuvihitaji.

"Mimi navihitaji."

"Vya msimu mzima?"

"Vya asubuhi moja."

Mhandisi aligeuka kuutazama mlango wa chumba cha pili, uliokuwa umefungwa. Akasogea karibu na kioo cha kompyuta.

"Mume wangu anaamini alimwachia mkono binti yetu majini. Nataka kupima nguvu ya maji ya asubuhi ile, nimwonyeshe kwamba hakuna baba duniani ambaye angeweza kumshika."