Sauti Namba Tisa

Sauti namba nne aliipa alama moja katika kumi, na hiyo moja aliitoa kwa huruma.

"Huyu anaongea au anakwangua sufuria?" aliuliza fundi cherehani, akinyanyua hedifoni sikio moja.

Nesi alimkumbusha kwa upole kwamba hawa ni wagonjwa waliokatwa sehemu ya zoloto, pale kooni sauti inapotokea, na kwamba wote wamesoma aya ileile. Kazi yake ni kusikiliza na kutoa alama, si kutukana.

Wala hakuja kwa kazi hiyo. Alikuja kutundika mapazia aliyoishonea kliniki, na alikuwa bado juu ya ngazi nesi alipomwomba: msikilizaji mmoja hakutokea, na walitaka sikio la mtu wa kawaida. Hapo walimpata mwenyewe. Kusema watu hakujawahi kumchosha.

Namba tano alimwita tairi lenye pancha. Namba sita, mlango wa choo. Kwa namba saba alicheka mpaka akafuta machozi kwa utepe wa kupimia.

Moyoni alishaamua kuwa namba nne ni mume wake. Naye alikatwa, mwaka sasa, na kila Jumanne huja hapa kwa mazoezi ya sauti. Mazoezi gani? Nyumbani hajatoa hata neno. Anaandika kwenye daftari: chai, chumvi, asante. Mkewe anaongea toka asubuhi, yeye anatikisa kichwa kama mjusi ukutani. Jioni anajikokota kwenda kukaa kwa kinyozi, na wanaume wa pale wanamng'ang'ania asiondoke mapema. Bubu wanampendea nini, Mungu ndiye ajuaye.

Basi fundi alikuwa amechoka. Wiki iliyopita alimpigia simu wifi yake: Jumamosi njoo umchukue kaka yako, mimi sikuolewa na kabati. Wifi, ambaye kwa kawaida hata chumvi habebi bila kubembelezwa, alikubali papo hapo.

Ndipo ikaja namba tisa.

Fundi akauweka utepe chini. Mkwaruzo ulikuwepo, na pumzi ilivuja kidogo kila sentensi ilipoisha, lakini sauti yenyewe ilikwenda taratibu, nzito, ina utani ndani yake, utadhani msomaji anajizuia kucheka. Aliipa tisa. Akafuta, akaandika kumi.

"Umesikia?" alimwambia nesi. "Mwanaume ni huyu. Kakatwa kama wenzake, ila kajikaza. Mkewe amepata mume. Wangu mimi ni gunia la pumba, hata ukilipiga teke halisemi."

"Kila mtu na kupona kwake, mama."

"Kupona ni kutaka, mwanangu. Hebu nirudishie huyo."

Nesi akamrudishia, kisha akaitwa chumba cha pili. Fundi akazibana hedifoni kwa viganja, akafumba macho. Kama kuna mtu aliyewahi kumsomea kitu vizuri hivyo, hakumkumbuka. Aya ikaisha. Safari hii hapakuwa na wa kuizima, rekodi ikaendelea. Kiti kikalia, mtu akakohoa, na daktari akasikika akiuliza: sasa mzee, sauti nzuri namna hii, nyumbani wanasemaje?

"Nyumbani?" ilisema namba tisa. "Mke wangu ndiye anayewashonea mapazia. Akija, msimwambie kitu. Jumamosi dada yangu ananichukua. Mpaka hapo, daktari, mimi bado bubu."