Sahani Hairudi Tupu

Mabegi ya Sabuha yalikuwa bado yamefungwa. Tangu ashuke kwenye kisiwa kile cha ugenini, baridi na uchovu vilimlaza tu. Sahani ya bibi jirani, aliyempokea kwa samaki, ilikaa mezani ikimsuta. Kwao sahani ya jirani hairudishwi tupu. Mwishowe akaitia karafuu zote alizotoka nazo nyumbani, akaipeleka.

"Tia kwenye chai, bibi."

Bibi alizinusa, akajibu kwa lugha ambayo Sabuha hakuielewa.

Asubuhi Sabuha alichungulia dirishani. Bibi alikuwa akizifukia karafuu kwenye kopo la udongo na kuzimwagilia maji.

"Masikini! Karafuu kavu haioti," Sabuha alinong'ona.

Bibi akalisogeza kopo kwenye kijua, akavuta kiti, akakaa kungoja. Sabuha alimtazama kitambo. Kisha akaburuta begi la kwanza, akalifungua.