Kuku Watatu kwenye Fomu

Fomu ilikataa kwa mara ya tano. Pembeni ya kila kisanduku kitupu iliwaka nyota nyekundu, na chini yake maneno yaleyale: swali hili ni lazima lijibiwe.

Karani akajikuna kisogo. Amri ilikuwa ya bosi mwenyewe. Kampuni ilikuwa na magari kumi na moja ya kusambaza magodoro, na daftari la ajali ambalo madereva walijiandikia wenyewe. Kurasa zake zilikuwa nyeupe pe.

"Humu ndani magari yangu hayajapata hata pancha," bosi alisema akilitupa daftari mezani. "Lakini nikichungulia dirishani, naona magari yaliyotoka vitani. Nitengenezee fomu ya mtandaoni. Mtu asiruke swali hata moja! Ripoti ikitumwa, iingie kwenye simu za madereva wote papo hapo, wapate funzo. Mimi niletewe zote jioni."

Basi fomu ilikuwa imekamilika, imebaki kujaribiwa. Kwenye jina la dereva karani aliandika "jaribio". Ikamrudisha: chagua kwenye orodha. Orodha ilikuwa na watu kumi na mmoja, na karibu wote walikuwa wepesi wa matusi na wepesi zaidi wa ngumi. Akamchagua yule mmoja ambaye hakuna binadamu angeamini kwamba amepata ajali.

Taratibu.

Taratibu alikuwa na gari namba saba kwa miaka kumi na tisa, bila mkwaruzo. Aliliosha kwa mikono yake, kwa nyuma hasa, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Tena ndiye baba wa yule binti aliyemkosesha karani usingizi. Posa ilikuwa kwa mzee wiki ya tatu sasa, jibu hakuna. Kitu pekee alichowahi kusema, tena uwanjani, mbele za watu, ni hiki: "Mtu chuo kimemshinda mwaka wa tatu. Ndoa ataiweza?"

Madereva walicheka siku mbili.

Labda ndiyo maana vidole vya karani vilipata moto.

Nini kilitokea? Gari lilikuwa linarudi nyuma, likaingia kwenye banda la kuku.

Dereva alikuwa anafanya nini? Anakula embe, kwa mikono yote miwili.

Hasara? Kuku watatu, marehemu.

Shahidi? Jogoo. Amekataa kutaja jina.

Dereva alichukua hatua gani? Aliwaficha marehemu katikati ya magodoro, akaondoka anapiga mluzi.

Lini? Jumanne iliyopita.

Alicheka peke yake mpaka kiti kikalia. Nyota nyekundu zikazimika moja moja. Akabonyeza "tuma", na kidole kilipokuwa bado juu ya kitufe, akakumbuka kwamba hakuwa amezuia kwanza ripoti zisiingie kwenye simu za madereva.

Huko uwanjani simu ikalia. Ikafuata ya pili. Zikalia zote, kama vyura baada ya mvua.

Halafu kicheko kikapasuka.

"Taratibu, bwana! Kuku walikukosea nini?"

"Mzee, lile embe lilikuwa limeiva, au ulikula basi tu?"

Karani aliona giza. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Hawakujua kuhusu vidole. Kazi angepata nyingine, hilo halikumsumbua. Lakini baba mkwe hanunuliwi dukani. Akashuka ngazi mbilimbili.

Taratibu alikuwa amesimama nyuma ya gari namba saba, tambara la kuoshea bado linachuruzika mkononi. Simu ameishika mbali na macho, midomo inacheza kama anasoma hukumu. Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Mzee, samahani sana," karani alianza, pumzi juu juu. "Nilikuwa najaribu mtambo tu. Ni utani, mzee. Nimekosa, nimekosa mara mia."

Taratibu alikunja tambara polepole, akaliweka juu ya bampa.

"Nifuate."

"Karani!" dereva wa gari namba mbili alipaza sauti. "Tukija kukuona hospitali, tukuletee maembe?"

Walipita stoo, wakaenda mpaka nyuma kabisa, kwenye rundo la magodoro yaliyorudishwa na wateja. Hapakuwa na mtu. Taratibu akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama tena kulia, kama mtu anayeingia barabara kuu.

Karani akafumba macho. Akamuona yule binti amevaa shela, pembeni yake kasimama bwana mwingine, mwenye shahada mbili. Akakaza shavu, akasubiri kofi.

Kofi halikuja.

"Bosi ameiona?" Sauti ya mzee ilikuwa chini chini.

"Bado, mzee. Inamfikia jioni. Naifuta sasa hivi, haki ya Mungu naifuta."

"Ifute." Taratibu akasogea karibu. "Na huyo aliyekuambia, mwambie aache kutia chumvi. Kuku walikuwa wawili. Na halikuwa embe, lilikuwa chungwa."

Mkono mzito, bado una povu la sabuni, ukatua begani kwa karani, taratibu.

"Sasa, mwanangu, harusi mnaitaka mwezi gani?"